Dar na maghorofa yake: mimi natazama, dogo anapanda

Wenzangu wakipata mapumziko wanakimbilia Coco Beach kula mihogo. Mimi, msomaji wangu, naingia mjini kutazama maghorofa. Usinicheke. Starehe hii haina kiingilio, na shingo ikichoka unakaa kwa muuza kahawa.

La kwanza kwangu ni lile la Mtaa wa Azikiwe, lenye ghorofa 21. Jina lake rasmi ni refu kama lenyewe: Benjamin William Mkapa Pension Towers. Lakini mwambie mtu wa rika langu akupeleke huko, atakukodolea macho. Sema "Mafuta House" uone atakavyonyoosha kidole bila kufikiri. Lilianzishwa na shirika la mafuta, TPDC, likakwama, baadaye NSSF wakalichukua na kulimaliza. Jina la Rais wa Awamu ya Tatu likabandikwa, la mafuta likagoma kung'oka!

Kitega Uchumi la Samora nalipenda kwa jina tu. Kwa urefu limeshapitwa na watoto wa juzi, lakini jina lake hata bibi yangu alilielewa. Siku hizi kila ghorofa ni Tower, mara Plaza, mara House, utadhani zege halishiki mpaka liongee Kiingereza.

Ukitaka kuyaona marefu hasa, panda pantoni ukitokea Kigamboni, alfajiri, usimame mbele. Yale mawili ya Sokoine Drive ndiyo yanakupokea: la Mamlaka ya Bandari, na la PSPF lenye ghorofa 35. Mfuko wenyewe wa PSPF uliunganishwa na mingine mwaka 2018 ukazaliwa PSSSF, ila mjini jina la zamani linadunda. Chini yake, vidogo kama vibiriti, ni makanisa ya enzi za Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu. Zamani mabaharia waliona minara ile kwanza. Leo inabidi uitafute.

Sasa hapo ndipo dogo anapoingia. Mdogo wangu wa mwisho ni fundi nondo. Alianza kama saidia fundi, karai kichwani, foleni ya vijana ngazi hadi ngazi, zege likipanda kichwa kwa kichwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa ghorofa huangalii kioo. Unauliza saruji ilikuwa mifuko mingapi kwa kiasi gani cha mchanga na kokoto, nondo ni za unene gani, zege limemwagiliwa maji siku ngapi. Anasema zege hupimwa nguvu yake siku ya 28, na mwenye haraka akiondoa mirunda mapema, anayebeba mzigo ule ni Mungu peke yake.

Machi 29, 2013 ilikuwa Ijumaa Kuu. Asubuhi likaanguka ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililokuwa linajengwa, limefika ghorofa 16. Watu 36 walikufa. Mama alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Hakusalimia. "Mdogo wako yuko jengo gani?" Nilikuwa sijui! Nilijua tu kwamba yuko mjini, anapiga kazi hata sikukuu. Simu yake inaita, haipokelewi. Nikaita tena na tena. Nilipofika mjini polisi wameshazuia njia, vumbi limetanda, watu wanachimba kwa mikono, na kila kijana mwenye simenti kwenye nywele nilimgeuza uso nimwone.

Alipokea saa saba mchana. Alikuwa jengo jingine, simu ameiacha kwenye begi kule chini. Akaniuliza, "Vipi braza, kuna nini?" Jamani, nilimtukana matusi ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Tangu siku ile Mama alipiga marufuku. Dogo akakaa nyumbani wiki tatu, akauza vocha, hela haikutosha hata kodi ya chumba. Akarudi kwenye nondo. Nani wa kumlaumu? Wakafikia mapatano ya kifamilia: anaruhusiwa ghorofa fupi tu. Kila wiki Mama anauliza, "Mmefika ya ngapi?" Na dogo ana majibu mawili tu maishani mwake: ya pili, au ya tatu.

Jumapili iliyopita aliulizwa tena, tumekaa mkekani. Akamega ugali, akasema wako ya tatu, tena bado haijaisha. Mimi jengo lile nilikuwa nimelipita Alhamisi, nikalihesabu kutoka chini. Wako ya kumi na moja. Mama akanigeukia.

Nikaomba niongezewe mchuzi.