Kiwanda Kinapoomba Kuwa Kisiwa

Kuna viwanda ambavyo malango yake yanatazamana na soko la mtaa, wafanyakazi wake wanaishi jirani nasi, na malori yake yanapita katika barabara zetu, lakini mbele ya sheria ya forodha viwanda hivyo havimo nchini. Hiyo ndiyo maana ya hadhi ya eneo maalumu la uzalishaji kwa mauzo ya nje, ambayo wengi tumezoea kuiita EPZ. Hadhi hii haitolewi kwa maeneo makubwa tu, kama lile la Benjamin William Mkapa pale Mabibo, Dar es Salaam. Kiwanda kimoja kilichosimama peke yake pia kinaweza kuiomba, na kikiipata kinageuka kisiwa ndani ya nchi.

Wazo hili si letu. Ireland ililifanyia kazi kwenye uwanja wa ndege wa Shannon mwaka 1959, Kenya ikatunga sheria yake mwaka 1990, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2002. Katika utaratibu uliojengwa juu ya sheria hiyo ya 2002, kiwanda chenye hadhi hiyo huingiza mitambo na malighafi bila ushuru wa forodha, hakilipi kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo, na kwa miaka 10 hiyohiyo hakitozwi kodi na tozo za serikali za mitaa kwa bidhaa kinazozalisha. Nacho hutakiwa kuuza nje asilimia 80 ya bidhaa zake. Kile kinachouzwa ndani hulipiwa ushuru kana kwamba kimeshuka melini.

Hivi karibuni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mchumi katika halmashauri ya mji mmoja, alinipigia simu. Kiwanda cha kushona nguo mjini kwao kimeomba hadhi hiyo, na madiwani wamemtaka aandike ukurasa mmoja kueleza mji utapata nini na utakosa nini. "Shikamoo Mwalimu," alianza, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo lililomkosesha usingizi. "Nikiandika habari za ushuru nitaitwa adui wa ajira. Nikinyamaza, mwakani nitaulizwa fedha za zahanati zimekwenda wapi."

Nilimshauri kwanza atenganishe mambo mawili ambayo wanasiasa hupenda kuyafunga katika furushi moja. La kwanza ni msamaha wa ushuru wa malighafi. Shati linaloshonwa hapa kwa ajili ya soko la nje linashindana na shati la Bangladesh. Kutoza ushuru kitambaa ambacho kesho kitaondoka kikiwa shati ni kujitoza wenyewe. Hapa mwombaji ana hoja, na mtumishi wa umma hana sababu ya kuona haya kuikubali.

La pili ni msamaha wa kodi ya mapato, nao una sura tofauti. Kodi hiyo kwa kawaida hutozwa kwenye faida. Kiwanda kinachohangaika kusimama hakina faida kubwa ya kutozwa, kwa hiyo msamaha haukisaidii sana katika miaka yake migumu. Anayenufaika zaidi ni yule ambaye angefanikiwa hata bila msamaha. Mtu akiniambia kwamba bila miaka hiyo 10 mwekezaji asingekuja, nitamwomba anionyeshe hesabu, kwa sababu mwekezaji hutazama pia umeme, barabara, bandari na ujuzi wa wafanyakazi. Na mambo hayo hujengwa kwa kodi.

Kisha kuna hesabu ya halmashauri yenyewe. Kwa miaka mingi ushuru wa huduma ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Tuchukue mfano wa kiwanda kinachouza bidhaa za shilingi bilioni 10 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho halmashauri ingepata shilingi milioni 30 kila mwaka, na kwa miaka 10 milioni 300. Kwa Hazina ya taifa hizo ni fedha ndogo. Kwa mji mdogo ni madarasa na ni zahanati. Huenda mishahara itakayolipwa na kiwanda ikazidi hasara hiyo mara nyingi. Lakini mizani haiwezi kusema kitu ikiwa upande mmoja umefunikwa kitambaa.

Yuko pia mkulima. Sehemu kubwa ya pamba yetu, ile ya Simiyu na Shinyanga, huuzwa nje ikiwa ghafi. Kiwanda cha kisiwani kinaweza kuleta kitambaa kutoka Asia, kikakishona hapa na kukipeleka Marekani, na mkulima wa Bariadi asijue kama kimewahi kuwepo. Isitoshe, kisiwa kinachoishi kwa soko moja la mbali huyumba kwa upepo wa huko. Mpango wa AGOA, uliofungua soko la Marekani kwa nguo za Afrika tangu mwaka 2000, ulimaliza muda wake Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati. Uamuzi wa Bunge la watu wengine uliwagusa washonaji wetu wasio na kura kule.

Marekani yenyewe ina sheria ya maeneo ya namna hii tangu mwaka 1934. Leo kiwanda cha huko kinapotaka kuanza uzalishaji chini ya hadhi hiyo, taarifa hutangazwa katika gazeti la serikali, na mtu yeyote hupewa muda wa kuandika maoni yake: mshindani, chama cha wafanyakazi, mtengenezaji wa malighafi ileile. Hadhi inaweza kutolewa kwa masharti. Viwanda vya kuunda meli, kwa mfano, vimepewa hadhi hiyo huku vikitakiwa kulipa ushuru kamili kwa chuma cha kutoka nje, kwa sababu wazalishaji wa chuma nao wana neno. Simaanishi kwamba Marekani ni mwalimu wetu wa haki katika biashara. Ninachosema ni kwamba huko ombi la kiwanda huhesabiwa kuwa ombi kwa umma, na umma una haki ya kulisoma.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nilikulia katika mji wa kiwanda. Baba yangu alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha nguo cha umma, enzi ambazo upendeleo haukuitwa motisha bali uliitwa ulinzi wa viwanda vya taifa. Tuliimba sifa za kiwanda kile shuleni. Hakuna mfanyakazi niliyemfahamu aliyewahi kuonyeshwa mahesabu yake, hadi asubuhi moja katika miaka ya 1990 tangazo la kufungwa lilipobandikwa langoni. Tangu siku hizo itikadi imebadilika, mwenye kiwanda amebadilika, hata jina la upendeleo limebadilika. Ila mwananchi bado anajulishwa mwisho.

Mwaka 2025 tumeunganisha taasisi zetu za uwekezaji na za maeneo maalumu kuwa mamlaka moja, TISEZA. Taasisi mpya ni nafasi ya kuanzisha mazoea mapya. Kila ombi la hadhi litangazwe kwa Kiswahili, kwenye mtandao na kwenye ubao wa ofisi ya kata, siku 30 kabla ya uamuzi. Litaje misamaha inayoombwa, ajira zinazoahidiwa na malighafi itakayonunuliwa nchini. Kila mwaka ahadi hizo zipimwe hadharani, na asiyezitimiza apunguziwe misamaha. Mwekezaji mwenye nia njema hatapoteza chochote kwa kusomwa. Na mchumi wa halmashauri ataweza kuandika ukurasa wake bila kuogopa, kwa kuwa hatakuwa mtu pekee mjini anayejua kilichoombwa.