Zebaki ya Mama Yangu

Mara nyingi nimeulizwa ni jambo gani lililonivuta kuingia katika elimu ya kemia, nami ni mtoto wa Nyatike, upande wa Migori, ambako vijana wengi wa rika langu waliacha vitabu wakashika sururu. Jibu langu la kwanza ni ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, ambako nilipelekwa kusoma shule ya bweni. Wazee wa Kijaluo husimulia kuwa mahali pale palikuwa na kijiji. Usiku mmoja bibi kizee mgeni alinyimwa mahali pa kulala, mvua ikanyesha, na kijiji kizima kikazama pamoja na watu wake.

Mwaka 2004, nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu wetu alitupeleka kulitazama ziwa hilo. Hakuikanusha hadithi ya wazee. Alitoa tu mfukoni karatasi nyekundu ya litmasi, akaichovya majini, nayo ikageuka buluu mbele ya macho yetu. Kisha akatueleza kuwa maji yale yamejaa chumvi za jamii ya magadi, yale yale ambayo mama zetu hulainishia mboga za kienyeji jikoni. Na ndiyo sababu heroe huja kula pale, lakini samaki hakuna hata mmoja. Nilirudi bwenini nikiwa nimetekwa. Ziwa kubwa namna ile na sufuria ya mama yangu, kumbe vilikuwa chini ya kanuni moja!

Basi nilipomaliza shule niliingia chuo cha ualimu, nikahitimu, nikapata kazi katika shule moja ya Homa Bay. Mwaka 2014 nikajiandikisha katika Chuo Kikuu cha Maseno kutafuta shahada, nikisoma wakati wa likizo kama walivyofanya walimu wengi: Aprili, Agosti na Desemba, wenzangu wakipumzika, mimi nimebeba godoro.

Nisiwafiche, wasomaji wangu: kemia ya chuo kikuu si litmasi peke yake. Siku nyingine nilisimama saa nzima mbele ya bureti, nikidondosha alkali ndani ya asidi tone kwa tone, nikingojea rangi ya waridi iliyo hafifu kabisa. Tone moja likizidi, kazi yote imeharibika na huna budi kuanza upya. Palikuwa na kemia ya kaboni, yenye majina marefu kuliko treni. Tena palikuwa na hesabu za moli, ambazo ziliwaliza watu wazima wenye watoto wao. Lakini hesabu hizo hizo ndizo zilizonifundisha kuogopa kitu kidogo. Gramu moja ya zebaki, ambayo haijai hata ncha ya kijiko, ina atomi nyingi kupita kiasi: andika 3, kisha uifuatishe kwa sifuri 21. Nilipoandika jibu hilo daftarini niliona ni tarakimu tu. Maana yake niliijua baadaye.

Siku hiyo mwanafunzi mmoja aliangusha kipimajoto cha zebaki sakafuni, kikavunjika. Mhadhiri alisimamisha kazi mara moja. Akaamuru madirisha yote yafunguliwe, akatutoa nje, kisha yeye na msaidizi wake wakavaa glavu, wakanyunyiza unga wa salfa juu ya vile vitone vilivyokuwa vikikimbizana kama shanga za fedha. Mimi nilicheka. Wenzangu wakanitazama kwa mshangao, lakini sikuweza kujizuia, kwa kuwa mama yangu alikuwa akifunga zebaki katika chupa ndogo, akaitia katika pindo la leso yake, akaenda nayo sokoni na kurudi.

Mhadhiri aliniita kando, akaniuliza kicheko kile kilikuwa cha nini. Nilipomweleza, yeye hakucheka.

Yafaa nieleze kazi ya mama. Kule Macalder, katika Nyatike, palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966. Kampuni ilipoondoka, dhahabu haikwisha. Wenyeji wakaendelea kuifuata kwa sururu na karai. Wanaume huingia shimoni, mawe husagwa vinuni, na mchanga mzito unaobaki huoshwa, kazi ambayo mara nyingi huangukia wanawake. Mama humimina zebaki ndani ya karai na kuikanda kwa mikono mitupu, kama akandaye unga wa chapati. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu, zikawa donge moja jeupe, laini, ambalo yapata nusu ya uzito wake ni zebaki. Donge hilo huchomwa juu ya makaa. Zebaki huchemka kwa digrii 357 za Selsiasi, na dhahabu haiyeyuki mpaka ifike digrii 1064. Kwa hiyo moja hupaa, nyingine hubaki. Mama alilichomea jikoni, juu ya jiko lile lile alilotupikia, mlango umefungwa ili majirani wasijue amepata kiasi gani.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu huuvuta, nao huenda kwenye figo na ubongo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua. Nyingine huoshwa mpaka mto Kuja, na Kuja humwaga maji yake katika ziwa Viktoria. Matopeni vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya namna nyingine, kali zaidi, ambayo huingia katika samaki. Kule Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga taka zenye sumu ya namna hiyo katika ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa: wavuvi na watoto wao, na hata paka, wakapatwa na kifafa na kupooza. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mkataba juu ya zebaki mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017. Yote haya niliyasoma maktabani, nikitetemeka kwa hofu.

Likizo ilipokwisha nilikwenda nyumbani moja kwa moja. Nikamweleza mama habari ya Minamata kuanzia mwanzo hata mwisho, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alinisikiliza kwa adabu, akanimiminia chai.

"Japuonj," akasema, maana tangu niajiriwe hakuniita tena kwa jina ila kwa neno hilo la Kijaluo la mwalimu, "karo ya likizo hii uliilipa kwa nini?"

Sikuwa na la kujibu. Robo tatu ya karo ile ilitoka katika karai lake. Elimu iliyonijulisha sumu ilinunuliwa kwa sumu yenyewe, naye alilijua hilo kabla yangu.

Nilirudi tena Desemba, na safari hii sikuhubiri. Nilikuwa nimemwendea fundi wa kuchomelea vyuma mjini Homa Bay, akanitengenezea chombo cha kukenekea: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana sawasawa, na bomba lililoinama kutoka juu yake mpaka karibu na bakuli la maji. Tulikiwasha uani, si jikoni. Donge likapata moto, mvuke ukapita bombani, ukapoa, na ting! tone la kwanza la zebaki likaanguka ndani ya bakuli. Mama akainama akatazama. Zebaki aliinunua kwa fedha taslimu kutoka kwa mchuuzi.

"Kumbe miaka yote hii ilikuwa ikitoroka!" akasema kwa hasira, kama aliyemkamata mwizi. Tangu siku hiyo hajachoma donge bila chombo kile, ingawa kukanda kwa mikono mitupu hajaacha; glavu, asema, humnyima kuhisi dhahabu.

Siku hizi akimimina chai, birika hugonga kikombe. Huenda ni uzee, huenda ni zebaki. Naijua njia ya kuhakikisha, maana zebaki hupimika katika mkojo, na nimemsihi mara tatu twende hospitali. "Wakishapima," huniuliza, "watanirudishia nini?"

Muhula uliopita nilikuwa nikifundisha kidato cha tatu somo la kukeneka. Nilichora ubaoni kile kikombe na bomba lake, nikaandika digrii 357 pembeni. Msichana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwao ni Nyatike, akainua mkono. Nilidhani atauliza habari za mlinganyo. Akauliza chombo kile ni shilingi ngapi. Nikamtajia bei ya chuma, na ya bomba, na ujira wa fundi, naye akaziandika moja moja nyuma ya daftari lake, akapiga jumla.