Jiwe Lisemalo na Mji Usiolala

Mgeni afikaye Iringa huelekezwa mapema Gangilonga, jiwe kubwa lililoinuka juu ya mji. Jina hilo kwa Kihehe lamaanisha jiwe lisemalo. Tulipolipanda asubuhi, mji wenyewe ndio uliosema: honi za bajaji, mashine ya kusaga, wanafunzi wakiimba. Barabara kuu iendayo Zambia imepita bondeni, Ipogolo, hivyo ngurumo ya malori hufika kilimani ikiwa imefifia.

Mbeya hali ni nyingine. Mji mkongwe umepanda miteremko ya Loleza, lakini mitaa yenye watu wengi imeshikana na barabara ileile, kutoka Uyole kupitia Mafiati hadi Iyunga, na malori ya Tunduma hayajui usiku. Ajabu ni kwamba wenyeji tuliozungumza nao hawakuyalalamikia malori. Lori hupita likaenda zake. Kiwaudhicho ni muziki wa baa ya jirani na spika ya mahubiri iliyoelekezwa dirishani, kwa kuwa hizo ni sauti ambazo mtu angeweza kuzipunguza, naye hakutaka.

Wafanyeje? Wengi huhamishia watoto chumba cha nyuma, wakavumilia. Wachache huenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015, chini ya usimamizi wa NEMC. Lakini mlalamikaji huchelea kuambiwa kuwa anapiga vita riziki ya mwenzake, au dini yake. Na madhara si ya kufikirika: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2009, uliotolewa kwa Ulaya, ulipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 40.

Hapa, ndugu Waislamu, suala linabisha hodi kwetu pia. Adhana ni wito wa dakika chache. Je, mhadhara au kaswida za usiku wa manane kwa spika za nje? Mtume (s.a.w.), akiwa katika itikafu, aliwasikia watu wakisoma Qur'ani kwa sauti za juu. Alifunua pazia akawakumbusha kuwa kila mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane. Ikiwa kisomo kina mpaka, mengine yana hoja gani? Saudi Arabia mwaka 2021 iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu.

Haki ya jirani haichagui dini ya jirani. Kamati ya msikiti iliyokwisha kugeuza spika zake zisielekee chumba cha mgonjwa ndiyo itakayosikilizwa itakapomwendea mwenye baa.