Kamera tuliizunguka sisi, miwani wakavaa wengine



Mimi nimekulia kwenye kibanda cha video hapa Nakivale. Mnakijua: mabati, joto, mabenchi, na VJ anayetafsiri filamu ya Kichina huku akiongeza za kwake. Anaweza kusimamisha filamu amwambie jamaa wa mbele, "Wewe mwenye kofia, unatuzibia Jet Li!" Kwa hiyo mtu akiniambia kuna teknolojia ya kumwingiza mtazamaji ndani ya filamu, nacheka kwanza.

Mwezi uliopita dada mmoja wa kujitolea alileta ile miwani inayofunga macho yote. Nikaangalia Clouds Over Sidra, filamu ya 2015 kuhusu binti Msyria wa miaka 12 katika kambi ya Za'atari, Yordani. Ukigeuza kichwa, kambi iko nyuma yako pia. Mwishoni watoto wanakuzunguka. Hapo moyo ukanishtuka, maana na mimi niliwahi kuizunguka kamera namna hiyo.

Tulikuwa wadogo. Shirika moja lilikuja na kamera ya kuona pande zote, wakatuambia tukimbie kuizunguka. Halafu wakakaa na mama. Mama akasema habari za kaka yangu tuliyempoteza njiani tukitoka Fizi, mambo ambayo sisi wanawe hajatusimulia hadi leo. Wakashukuru, wakaenda. Filamu hatujaiona.

Ya Sidra ilionyeshwa Davos, kwa wakubwa na matajiri. Sikatai, pengine kuna aliyeguswa akatoa pesa. Ila miwani ile ukiivua, kambi inapotea, unabaki kwenye kiti chako kizuri.

Kuna nyingine, uhalisia ulioongezwa, kama ule mchezo wa Pokémon Go wa 2016. Hiyo haikufungi macho. Unaelekeza simu, na picha inakaa juu ya mahali penyewe. Hiyo ndiyo ningeitaka kwa filamu zetu: mgeni aje mpaka mlangoni kwetu, aelekeze simu, amwone mama akiongea palepale alipokaa siku ile. Na mama mwenyewe awe ameiona kwanza, akubali au akatae. Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, hilo la mwisho halihitaji teknolojia yoyote.

Nilipomweleza mama kuhusu miwani, aliuliza kama na yeye yumo humo. Halafu akauliza siku ile alikuwa amevaa kitenge gani.