Iafoni za Bei Nafuu na Masikio ya Nyumbani

Katika maduka ya simu ya hapa Makongolosi, iafoni huuzwa kwa neno moja tu, nalo ni besi. Kijana wa dukani hakuulizi unataka kusikiliza nini. Hufungulia muziki, akakupa kipande kimoja utie sikioni, akakutazama usoni, kisha akasema, “Unaisikia besi hiyo, mama?” Ukiitikia kwa kichwa, biashara imekwisha. Sina ugomvi na besi, wala na kijana huyo anayetafuta riziki yake ya halali. Lakini nyumbani kwetu iafoni hununuliwa kwa kazi nyingine kabisa, na kwa kazi hiyo besi si kipimo.

Mama mkwe wangu amevuka miaka sitini na mitano. Alikulia Pangani, akaja huku Chunya kumfuata mume aliyevutwa na dhahabu ya Lupa, hiyo iliyoanza kuwavuta watu tangu miaka ya 1920. Herufi za Kiarabu hakujaaliwa kusoma utotoni. Sasa, baada ya kulea watoto na wajukuu, ameazimia kuhifadhi Juzuu Amma kwa kusikiliza. Ustadha humjia Jumamosi na Jumapili kumsikiliza. Siku nyingine tano mwalimu wake ni simu, kadi ndogo ya kumbukumbu, na kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, yule msomaji wa Misri ambaye kisomo chake cha msahafu mzima kilirekodiwa na kuenezwa mwaka 1961. Husary husoma taratibu, kila herufi akiipa haki yake. Kwa mwanafunzi wa masikio, sijui mwalimu bora kuliko huyo.

Taabu ilianzia katika Suratul-Kawthar. Wiki tatu mfululizo ustadha alimrudisha mahali pamoja, kwani badala ya the mama alitamka sini. Alihuzunika. Jioni moja aliniambia, “Mwanangu, ulimi wangu umekwisha kuwa mgumu. Pengine niliache jambo hili kwa vijana.” Nami nikamwomba aseme thelathini. Akasema. Nikamwomba aseme thamani, na thawabu. Akayasema yote kwa the safi kabisa ya mtu wa pwani. Ulimi wake haukuwa na ila yoyote. Alikuwa akitamka kile alichokisikia. Ndipo nilipoanza kuitilia shaka iafoni.

Nilikusanya jozi tano. Mbili nilinunua, tatu niliazima kwa majirani na jamaa. Ya bei ya chini kabisa iliuzwa shilingi 2,000, ya juu kabisa shilingi 15,000, na hiyo ililetwa kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Moja ilikuwa na jina la kampuni mashuhuri duniani, ila herufi moja ya jina hilo ilikuwa imekosewa.

Karibu kila boksi huandikwa kwamba iafoni iliyomo hutoa sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Ndugu msomaji, usilipie fedha kwa ajili ya maneno hayo. Hiyo ndiyo safu ambayo sikio la kijana mwenye afya huweza kuisikia, na kuinakili juu ya karatasi hakugharimu kitu. Boksi halikwambii ni sauti zipi zitatoka kwa nguvu na zipi zitatoka kwa kunong'ona, na humo ndimo tofauti yote ilimo. Ndani ya kila kipande mna sumaku ndogo, waya mwembamba uliozungushwa, na utando unaotikisika. Watengenezaji wa bei nafuu hupenda kuupa utando huo nguvu katika sauti nzito, kwa sababu ndizo zinazomfurahisha mnunuzi katika nusu dakika ya dukani.

Sasa tazama herufi. Sini hujulikana kwa mvumo mkali wa juu, mwingi wake ukiwa zaidi ya hezi 4,000. The nayo ni hafifu, imetawanyika, haina ule ukali. Ukiupunguza mvumo wa juu, zote mbili hufanana. Hili unalijua tayari hata kama hukulifikiria: simu za kawaida zilizoea kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana mtu hukutajia jina lake nawe ukamuuliza, ni F ya Fatuma au S ya Salma? Swadi ina namna yake nyingine. Yenyewe inakaribiana na sini, lakini huitia uzito irabu iliyo jirani nayo. Basi iafoni inayotia uzito katika kila kitu humfanya msikilizaji asijue uzito upi ni wa msomaji na upi ni wa plastiki.

Kwa kipimo nilichagua sura mbili za mwisho wa msahafu, ambazo karibu kila mtoto wa madrasa anazijua. Suratun-Nas ina aya sita, na zote zinaishia kwa sini. Tena ndani yake mna nuni zenye shada, zinazovutwa kwa ghuna puani, na katika aya ya tano mna swadi. Suratul-Falaq ina aya tano, na kila moja unaposimama huishia kwa herufi ya kalkala: kafu nzito mara mbili, be mara moja, dali mara mbili. Kalkala ni mdundo mfupi, hudunda na kukoma. Iafoni ambayo besi yake ni legevu huuvuta mdundo huo ukaburura, mithili ya ngoma iliyolowa.

Ile ya shilingi 5,000 aliyoisifu kijana ilishindwa zote mbili. Katika Falaq dali zilibururika, katika Nas sini zilitoka kana kwamba msomaji amefunikwa blanketi. Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia mama. Ile ya shilingi 2,000, iliyo ngumu na isiyo na mpira, ilinishangaza: herufi zake zilikuwa wazi kuliko za mwenzake. Ila haizibi sikio. Huning'inia tu mlangoni mwake, na kelele zote za nje huingia. Ya shilingi 8,000, yenye waya bapa na vipira laini, ilitoa ghuna nzuri, kalkala ikakatika inapopaswa, na sini zikawa wazi bila kuchoma. Kwa masikio yangu hiyo ndiyo iliyoshinda. Ya shilingi 15,000, yenye gamba la chuma, ilikuwa na sini kali mno, nikaishusha sauti kila aya ilipokwisha. Isiyo na waya sikuihukumu sana. Sauti yake ilikuwa ya wastani, lakini betri yake ilikwisha kabla sijamaliza vipimo.

Kabla ya kusema iafoni haina besi, jaribu kubadilisha vipira. Boksi nyingi huja na saizi tatu, na wengi hutumia ile iliyokwisha kuvikwa, hizo nyingine zikapotea droo moja na vifungo vya mashati. Kipira kisipoziba vizuri, sauti nzito huvuja nje na kinachobaki ni chembamba kama sauti ya nyuki ndani ya kopo. Masikio mawili ya mtu mmoja huweza kutaka saizi mbili. Na ukitoka kutia udhu, yakaushe masikio kwanza; unyevunyevu chini ya kipira huleta muwasho.

Kuziba huku kuna jambo kubwa zaidi, nalo linamhusu kijana wangu wa kwanza, mwenye miaka kumi na tisa, anayefanya kazi kwenye makarasha ya kusaga mawe. Anapenda kusikiliza mawaidha na mpira akiwa kazini. Iafoni yake ilikuwa ile isiyoziba, na ili aisikie juu ya ngurumo ya mashine aliifungulia hadi mwisho. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mtu mzima akisikiliza kwa desibeli 80, asizidishe saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima. Simu nyingi zikifunguliwa kabisa huweza kupita desibeli 100. Na vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti, vikifa haviponi wala haviotI tena. Alipoanza kuniambia kwamba usiku masikio yanalia “kama panzi”, sikulichukulia kuwa jambo la kungoja. Baba yake alimpeleka Mbeya, zaidi ya kilomita 100, akapimwa. Alhamdulillahi, usikivu wake bado ni mzuri, ila daktari alimwonya vikali.

Tulikubaliana hivi: kwenye karasha avae vizuia kelele vya kazi, na iafoni ibaki mfukoni. Iafoni inayoziba haichukui nafasi ya kizuia kelele, kwa sababu mwenye kuivaa atakuwa tu na sauti juu ya kelele. Nyumbani aitumie, kwa sauti ambayo mtu akimwita kwa kawaida anasikia. Barabarani, tangu lami ilipotufikia na malori kuongeza mwendo, asizibe sikio hata moja. Alinung'unika siku mbili, kisha akatii.

Kuhusu uimara, iafoni hufia mahali pawili: shingoni mwa pini, na pale waya unapoingia kwenye kipande cha sikioni. Tafuta kikola cha mpira mahali hapo, kirefu na kinachopindika. Ukiwa dukani, washa kisomo, kisha pinda waya polepole karibu na pini. Ukisikia mkwaruzo au upande mmoja ukakatika, irudishe hapo hapo. Gamba la chuma halina faida ikiwa waya wake umegundishwa kwa tone moja la gundi. Na upande mmoja ukififia baada ya miezi, usiitupe kwanza. Vumbi letu jekundu la kiangazi likichanganyika na nta ya sikio huziba wavu mdogo wa mbele. Uelekeze wavu chini, uusugue taratibu kwa mswaki mkavu. Mimi nimefufua jozi mbili kwa namna hiyo.

Nilimpelekea mama ile ya shilingi 8,000 nikiwa na hakika ya hukumu yangu. Akasikiliza, akasema ni nzuri. Kisha akaomba kujaribu zile nyingine. Alipotia ile ya chuma, iliyoniumiza mimi, alifumbua macho. “Huyu sheikh leo amesogea karibu,” akasema. Aliirudia Kawthar mara nne, na mara ya nne the ilikuwa mahali pake.

Umri huondoa kwanza usikivu wa sauti za juu. Kile ambacho kwangu kilikuwa ukali, kwake kilikuwa ni kurudishiwa alichopungukiwa. Basi jozi ya shilingi 15,000 ni yake, na ya 8,000 nimebaki nayo mimi. Mwisho wa wiki ustadha alimpitisha Kawthar, akamrudisha mahali pengine, kwenye madda, na mama akacheka kwa furaha kwamba sasa kosa ni jipya. Waya nimeubana kwa pini ndani ya ushungi wake, maana wajukuu huuvuta, na ameshaanza Suratul-Maun.