Maabara Nilivaa Glavu, Saluni Nikainamisha Kichwa

Jamani wanachama wenzangu, hii ni aibu yangu mwenyewe, chekeni taratibu.

Nasomea uhandisi wa kemikali hapa Johannesburg. Maabara siigusi kostiki soda bila glavu na miwani. Lakini kila baada ya wiki nane, Jumamosi, nilikwenda Yeoville kwa dada mmoja wa Bukavu, akanipaka kostiki hiyohiyo kichwani.

"Inachoma?"

"Inachoma."

"Vumilia kidogo dada, ishike."

Nikavumilia miaka kumi na miwili, tangu nimalize fomu siksi! Dada wa watu simlaumu, na zake kazipaka vilevile.

Mwaka jana nikatoka vidonda, na nywele za mbele zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikajidai mjanja, nikahamia dawa iliyoandikwa haina kostiki. Kumbe ile unachanganya hidroksidi ya kalsiamu na kaboneti ya guanidini, unapata alkali nyingine kali. Mwaka 2019 watafiti wa Cape Town walichapisha vipimo vya pH vya dawa za aina zote mbili, zikiwemo zinazotangazwa kwa watoto. Ziko kwenye kiwango cha kuunguza ngozi. Na mimi ndiye mwenye karatasi za pH mezani, sikuwahi kuchovya hata moja!

Unywele ni protini, na kinachoushikilia ni viungo vya salfa. Alkali inavivunja ili unyooke, na havirudi tena, hata upake mafuta ya nazi ndoo nzima. Ni kama kupunguza nondo kwenye nguzo. Halafu sisi, juu ya nguzo hiyohiyo, tunaongeza ghorofa: tunasuka rasta za kubana mpaka macho yanavutika. Hapo ndipo nywele za pembeni zinapokwisha.

Nikanyoa. Kinyozi aliniuliza mara mbili kama nina hakika.

Jioni nikampigia mama simu ya video. Cha kwanza: "Kuna msiba gani huko?" Nikamweleza yote, nondo na ghorofa. Mama ndiye aliyenipeleka saluni mara ya kwanza, kwa hiyo nilitegemea ugomvi. Akanyamaza, akasogeza kilemba nyuma, akaniuliza kama za kwake za mbele zitaota tena.

Nikamwambia awahi kwa daktari wa ngozi, maana pakishakuwa kovu hapaoti. Ameahidi kwenda Jumatatu.