Moshi Hauna Mwenyewe?

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, lakini riziki ilinipeleka Shinyanga kununua pamba, hata nikapata shamba huko. Kiangazi kimoja nilichoma mabua ili nisilipe vibarua wa kuling'oa. Mchana upepo ukazidi, moto ukaruka mpaka ngitili ya jirani yangu. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua, ili ng'ombe wasife njaa wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika, na mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulisaidia kuifufua.

Jioni watu walipokusanyika, nilisema moshi umetoka upande wa Geita, na moto umeletwa na wachoma mkaa wa machimboni. Wageni hawana wa kuwatetea, basi neno langu likakubaliwa. Jirani akabaki bila malisho, na mama yake mwenye pumu akakesha akihema.

Siku ya pili mwanangu alinionyesha katika simu ramani ya setilaiti. Kuna chombo kilichorushwa na Wamarekani mwaka 2011, ambacho hupita juu yetu mchana na usiku, na hutambua joto la moto katika kila kipande cha ardhi chenye upana wa mita 375. Penye moto huwekwa nukta nyekundu. Upande wa Geita siku ile hapakuwa na nukta. Kwetu zilikuwa nyingi, maana tuliochoma tulikuwa wengi, na nukta moja ilikaa juu ya shamba langu. Katika picha ya mchana moshi ulionekana kama shela ya kijivu, umejinyoosha kuelekea kaskazini magharibi.

Mwanangu akasema, "Baba, kumbe sisi ndio tuliowapelekea moshi watu wa Geita!"

Niliona haya. Mtu wa pwani, niliyekua nikitazama majahazi yakingoja kusi, nilisahauje upepo wa miezi ile unatoka wapi?

Nilikwenda kwa jirani usiku uleule nikamwambia kweli. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ng'ombe watakula nini?" Nikamlipa kwa mashudu ya pamba mpaka mvua ziliponyesha. Lakini wachoma mkaa niliowasingizia sikuwajua hata majina, na deni lao lingali shingoni mwangu.

Ndugu zangu, chombo kile hakioni kila kitu. Wingu likitanda hakioni, moto mdogo ukizimwa kabla hakijapita hakiujui, wala hakiandiki jina la aliyeuwasha. Mwenyezi Mungu hazuiwi na wingu. Basi mtu asingoje nukta nyekundu ndipo akiri kosa lake, na kabla hajawasha njiti, atazame kwanza upepo unaelekea nyumba ya nani.